Lenzi ya kioo na pete zake

Kila msimu wa ndege wahamao swali hili hunirudia. Kijana ameona mahali lenzi ya kioo ya milimita 500, fupi kama kikombe cha uji, nyepesi, ya mtumba, na bei yake haifiki hata robo ya ile ya lenzi ndefu za kawaida. Anashuku. Kitu chenye nguvu kiasi hicho kitakuwaje kifupi namna hii, tena rahisi? Aichukue au aiache? Huwa najibu kwa kurudi nyuma sana, kwa sababu uzuri na ubaya wa lenzi hii vyote vilizaliwa siku moja, na aliyejua vilikotoka hatapata shida kuamua.

Neno kioo lina maana mbili kwetu. Hapa nitalitumia kwa kile cha kujitazamia tu.

Mwanga ukipenya lenzi hupinda, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Ndiyo maana watazamaji wa nyota wa karne ya 17 walisumbuliwa na ukingo wa rangi uliozunguka kila walichokitazama. Isaac Newton aliamini maradhi hayo hayana dawa. Mwaka 1668 akaachana na lenzi kubwa ya mbele, akasubu kioo cha shaba na bati, akaunda darubini ndogo iliyokusanya mwanga kwa kuurudisha. Kioo hakichagui rangi: nyekundu na buluu hurudi kwa njia ileile. Ukingo wa rangi ukatoweka.

Miaka minne baadaye, 1672, ukachapishwa Ufaransa mchoro wa mtu aitwaye Cassegrain. Kioo kikubwa kimetobolewa katikati na kukaa nyuma ya mrija. Mbele yake, katikati kabisa, kipo kioo kidogo. Mwanga huingia ukagonga kile kikubwa, ukarudi mbele hadi kwenye kile kidogo, kisha ukatumwa nyuma tena na kutokea tunduni. Umesafiri urefu wa mrija mara tatu. Ni kama kanga iliyokunjwa: urefu wake uko palepale, ila sasa inaingia mfukoni. Newton hakuupenda mchoro huo hata kidogo, akausema vibaya, lakini historia ilikuwa upande wa Cassegrain. Lenzi zote za kioo zinazouzwa leo zimetoka kwenye ukoo huo.

Kitazame tena kile kioo kidogo kilichokaa katikati ya njia ya mwanga. Nitakirudia.

Kioo rahisi kusuguliwa ni kile chenye umbo la kipande cha tufe, lakini umbo hilo huifanya picha ikose ukali, kwa kuwa miale ya pembeni haikutani mahali pamoja na ya katikati. Bernhard Schmidt, mzaliwa wa kisiwa cha Naissaar huko Estonia, aliyepoteza mkono wa kulia ujanani akichezea baruti, alisugua kwa mkono uliobaki lenzi nyembamba ya kuirekebisha miale hiyo kabla haijakifikia kioo. Mwaka 1930, kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Hamburg, kamera yake ilikuwa tayari. Ilifanya maajabu, ila umbo la lenzi ile lilikuwa gumu mno kutengenezwa kwa wingi.

Anayestahili shukrani za wapiga picha ni Dmitri Maksutov. Agosti 1941 majeshi ya Ujerumani yalikuwa yakiukaribia mji wa Leningrad, na taasisi ya taifa ya sayansi ya mwanga aliyofanyia kazi ikahamishwa kwa treni kwenda mashariki. Safarini, bila karakana wala vifaa, aliwaza darubini rahisi ya wanafunzi wa shule. Vioo vya darubini za shule huharibika haraka kwa vumbi na mikono, basi akafikiri kuuziba mdomo wa mrija kwa kipande angavu cha kukinga. Kisha akajiuliza: kipande hicho kikipindwa kama bakuli la kina kifupi, hakiwezi kufanya kazi ile ya lenzi ya Schmidt? Kiliweza, na umbo lake lilikuwa la tufe pande zote mbili, umbo ambalo kiwanda chochote cha lenzi kinaliweza. Wakati huohuo Uholanzi, nchi iliyokuwa chini ya majeshi yaleyale, Albert Bouwers naye alikuwa amefikia wazo linalokaribiana na hilo. Vita vikazuia wawili hao kusikiana.

Nalipenda sana tukio hilo la treni. Chombo ambacho leo kijana wa Arusha au Nakuru anakitamani kwa sababu ni rahisi kilibuniwa na mtu aliyekuwa akimfikiria mwanafunzi asiye na kitu.

Vita vilipokwisha, viwanda vya Kisovyeti vikaigeuza darubini ya Maksutov kuwa lenzi za kamera: MTO-500 na MTO-1000, zilizopewa tuzo kuu kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958. Wajapani hawakuchelewa. Mwaka 1959 Nikon walitoa lenzi ya kioo ya milimita 1000 yenye uzito wa karibu kilo 10. Canon wakaenda mbali zaidi kwa kuunda ya milimita 5200, uzito wa kilo 100. Kitu kilicho karibu kuliko vyote kinachoweza kupigwa nayo lazima kiwe mita 120 kutoka ulipo. Hayo yalikuwa majitu ya maonyesho. Lenzi iliyoingia kwenye mabegi ya watu ni ile ya milimita 500 na f/8. Toleo la Nikon la 1984 lilikuwa na gramu 840 na liliweza kupiga kipepeo aliye mita moja na nusu mbele yako. Tamron walikuwa na yao tangu 1979. Mwaka 1989 Minolta wakatoa ya aina hiyo inayojifokasi yenyewe, kitu ambacho lenzi za kioo hazikuwa nacho.

Hata hivyo, wengi walizinunua wakaziuza. Sababu ni hesabu. Lenzi hizi hazina tundu la kupanuliwa na kubanwa: f/8 ni f/8 asubuhi hadi jioni. Ukiwa na filamu ya ISO 100 chini ya jua kali, kanuni ya zamani ya wapiga picha inakupa f/16 kwa 1/100 ya sekunde. Kwa f/8 unapata 1/400. Lakini mkono ulioshika milimita 500 unahitaji walau 1/500 ili picha isitikisike. Yaani hata saa sita mchana, chini ya jua la utosini, bado mwanga haukutoshi! Na kile kioo kidogo cha mbele hukata sehemu ya mwanga, hivyo unaofika ni pungufu kuliko namba inavyodai.

Kioo hichohicho ndicho mzazi wa pete. Kila nukta ya mwanga isiyo kwenye fokasi huchukua umbo la mlango uliopitia. Mlango wa lenzi ya kawaida ni duara. Wa lenzi hii ni duara lililozibwa katikati. Basi mng'ao wa jua juu ya maji hugeuka mamia ya pete, na majani makavu nyuma ya swala huonekana mawilimawili, kana kwamba mtu ametikisa picha. Hakuna programu ya kompyuta inayoziondoa vizuri. Mwenye kumpiga chui kichakani kwa lenzi hii amejitafutia huzuni.

Kwa muda ilionekana safari imekwisha. Mwishoni mwa 2013 Tamron walitangaza lenzi ya milimita 150 hadi 600 inayojifokasi, kwa bei ambayo mpiga picha wa kawaida angeweza kuidunduliza. Mwaka 2020 Canon wakaleta ya milimita 600 na f/11 yenye gramu 930, isiyo na kioo wala pete. Kilichoiokoa lenzi ya kioo ni kamera mpya zilizoondoa kioo cha ndani. Skrini ya kamera hizo hukuza unachofokasi mpaka uone unyoya mmojammoja, mwili wake hutuliza mtikisiko ukiuambia kwamba umefunga milimita 500, na ISO 1600 iliyo safi hukupa 1/6400 pale ambapo filamu ilikupa 1/400. Tokina wamerudi kuzitengeneza upya.

Kwa hiyo, kijana wangu, mimi nauliza kwanza utaielekeza wapi. Ukiielekeza angani, nunua. Mwezi kwa milimita 500 hukaa kama milimita 4.5 kwenye kihisi cha kamera, kwa milimita 1000 kama 9, na nyuma yake ni giza tupu lisiloweza kuzaa pete. Tai anayeelea, jahazi kwenye upeo wa bahari siku ya mawingu, kipanga juu ya nguzo: vyote hivi inaviweza. Jua nalo, kama lile la Septemba 1, 2016 lililopatwa na mwezi likageuka pete mbele ya umati pale Rujewa mkoani Mbeya, linapigika, lakini kwa kichujio maalumu cha jua kilichofungwa mbele ya lenzi. Bila hicho utaunguza kamera, na ukichungulia kwa jicho unaweza kupofuka. Ukikusudia wanyama nyikani, asubuhi na jioni, kwenye nyasi na miiba, weka akiba ununue lenzi ya kawaida, hata kama itachukua mwaka.

Na usilipe kabla hujaikagua. Imulike kwa tochi kutoka nyuma. Kama imekaa pwani, tafuta nyuzi za ukungu unaomea kwa unyevu. Tazama kama utando unaong'aa umebanduka kwenye kioo, kwa maana kuurudishia kutakugharimu kuliko lenzi yenyewe. Kisha toka nje, lenga bango la duka lililo ng'ambo ya barabara, piga picha kumi, na uzikuze. Herufi zikisomeka vizuri katika saba, toa pesa.