Pampu ya Dizeli ya Massey: Historia Fupi Kabla Hujanunua Nyingine

Wadau, leo tuiache tarakilishi ipumzike. Najua wengi wenu mnapita hapa kwa ajili ya programu na hifadhidata, lakini mimi ni mtoto wa Bahati, na mwezi wa tatu ukikaribia huku kwetu hakuna anayeuliza habari za hifadhidata. Swali ni moja tu: trekta la nani linafanya kazi? Mvua ikitangulia kabla shamba halijalimwa, mahindi yanachelewa, na ukichelewa wiki tatu Bahati unakutana na baridi ya mwezi wa saba mahindi yakiwa bado machanga.

Matrekta yanayolima mashamba yetu ya ekari moja hadi tano si mapya. Utakuta Massey Ferguson 35 na 135 zilizozaliwa kabla ya wazazi wa baadhi yenu kuoana. Na kila msimu nasikia sentensi ile ile: "Pampu imekufa, ninunue ipi?" Jibu langu fupi ni kwamba usinunue bado. Jibu refu linataka historia, kwa sababu pampu hii ni kama programu ya zamani ambayo imebadilisha wamiliki mara nyingi, ikanakiliwa kila mahali, na sasa matoleo mengi tofauti yanauzwa kwa jina moja.

Tuanzie mbali kidogo. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927. Pampu zile zilikuwa za mstari: injini ikiwa na silinda 4, pampu ina bastola ndogo 4, kila moja na silinda yake. Zinafanya kazi vizuri sana, ila ni ghali, na lazima kila bastola ipimwe ili zote zitoe kiasi sawa. Hilo si tatizo kwa lori. Kwa trekta dogo la mkulima ni gharama nzito.

Aliyelitatua ni Mmarekani Vernon Roosa. Wazo lake, ukilitazama kwa macho ya mwandishi wa programu, ni zuri mno: kwa nini kuandika kitu kile kile mara nne? Weka sehemu moja tu ya kusukuma, halafu izungushe igawe dizeli kwa silinda zote kwa zamu. Kampuni ya Hartford ya huko Connecticut ilianza kuitengeneza mwaka 1952. Uingereza, kampuni ya CAV, iliyokuwa chini ya Lucas tangu 1926, ilichukua leseni na katikati ya miaka ya 1950 ikatoa pampu yake iliyoitwa DPA. Hiyo ndiyo ile pampu ya duara unayoiona ubavuni mwa Massey.

Ndani kuna rota yenye vibastola 2 vinavyotazamana. Vinapozunguka ndani ya pete yenye vilima, vinabanwa na kusukuma dizeli, na tundu la rota linapokutana na tundu la silinda fulani, nozo ya silinda hiyo inapuliza. Kwa kuwa ni vibastola vile vile vinavyohudumia silinda zote, kiasi kinakuwa sawa bila kupimwa kimoja kimoja. Lakini sharti lake ni moja na ndilo linalotutesa hadi leo: rota na kichwa chake vimesagwa pamoja, nafasi kati yao ni ndogo kuliko unywele kwa mbali, na kinachovilainisha si oili. Ni dizeli yenyewe. Hakuna kitu kingine humo ndani. Dizeli ikiwa chafu, au ikiwa na maji, pampu inajitafuna. Na rota ya pampu moja haiingii kwenye kichwa cha nyingine hata kama namba zinafanana. Atakayekuuzia rota peke yake mwambie asante, kisha uende zako.

Linganisha na Ford 5000, ambayo ilikuja na pampu ya mstari ya Simms. Ile ina oili yake chini, unaikagua na kuibadilisha. Ndiyo maana wazee wengine huapa kwamba Ford ni ngumu kuliko Massey. Mimi nadhani wanachosifia ni pampu, si trekta.

Sasa trekta lenyewe. Harry Ferguson aliungana na Massey-Harris mwaka 1953. Ferguson 35 ikatoka mwaka 1956 na jina Massey Ferguson likaanza kutumika 1958. Zile za dizeli za mwanzo zilikuwa na injini ya Standard ya silinda 4, yenye sifa mbaya ya kukataa kuwaka asubuhi ya baridi. (Fikiria asubuhi ya mwezi wa saba kule juu karibu na msitu wa Bahati.) Mwaka 1959 Massey Ferguson ilinunua kiwanda cha injini cha Perkins, na 35 ikapewa injini ya Perkins ya silinda 3, A3.152, lita 2.5. Injini ya ukoo huo huo ikaingia kwenye 135, iliyotoka mwishoni mwa 1964 na kuendelea kutengenezwa Coventry hadi 1975.

Ukizitazama hizo tarehe utaona kwa nini zimejaa huku. Ni miaka ile ile walowezi walipokuwa wakiuza mashamba, serikali ikigawa maeneo ya makazi, na baadaye makampuni ya kununua ardhi kama Ngwataniro yakikusanya hisa za wananchi hapa Nakuru. Shamba kubwa lilikatwa vipande, lakini trekta halikatwi. Likawa mali ya mtu mmoja anayewalimia majirani kwa pesa. Kwa hiyo pampu moja ikifa Maili Sita, familia nyingi zinasimama.

Baada ya hapo historia ya wamiliki inachekesha. Massey Ferguson ilibadilisha jina kuwa Varity mwaka 1986. Varity ikauza matrekta kwa AGCO mwaka 1994, ikabaki na Perkins. Mwaka 1996 ikaungana na Lucas, kwa hiyo kwa muda mfupi aliyemiliki injini na aliyemiliki pampu walikuwa mtu mmoja, lakini trekta lenyewe lilikuwa limeshauzwa! Perkins ikaenda kwa Caterpillar mwaka 1998. TRW ikanunua LucasVarity mwaka 1999, Delphi ikachukua upande wa dizeli mwaka 2000, BorgWarner ikainunua Delphi Technologies mwaka 2020, na mwaka 2023 sehemu hiyo ikatengwa kuwa kampuni inayoitwa Phinia. Kwa hiyo CAV, Lucas CAV, Lucas na Delphi kwenye boksi la spea ni ukoo mmoja. Muuzaji akikwambia "hii ni CAV, ile ni Lucas tu", tabasamu.

Na wakati hayo yakiendelea, India ilikuwa na tawi halali, kule Chennai, na Massey zenyewe ziliendelea kutengenezwa kwa leseni India na Pakistan. Spea ya India si lazima iwe feki. Feki ni ile isiyo na namba, au yenye namba iliyogongwa juu ya nyingine. Hapo ndipo mjomba wangu aliuziwa pampu "mpya" na duka moja ambalo sitalitaja: rangi mbichi nje, chini ya rangi kibati cha zamani kimekwanguliwa. Ilifanya kazi siku tisa.

Kile kibati ubavuni ndicho cheti cha kuzaliwa cha pampu. Kinabeba namba ya aina, namba ya pampu hiyo moja, mshale wa upande inakozunguka, na msimbo wa jinsi ilivyopimwa. Usiende dukani kusema "nataka ya 135". Nenda na namba yote, mpaka herufi ya mwisho, maana 135 zenyewe hazikufanana. Kubwa zaidi ni gavana (wa pampu, si wa kaunti). Kuna DPA fupi zenye gavana wa shinikizo, na DPA ndefu zenye gavana wa vizito na springi. Ile fupi hupima mwendo kwa shinikizo la dizeli yenyewe, na ni rahisi zaidi. Ndefu inashika mwendo vizuri jembe linapoingia kwenye udongo mgumu. Zote mbili unaweza kuzifunga ukikazana, lakini mikono ya akseleta haikai sehemu moja, na utaanza kukunja vyuma.

Lakini hata ukipata namba sahihi, kuna jambo ambalo mhandisi wa CAV hakuliona: dizeli imebadilika, pampu haijabadilika. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963, kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwa mapafu yetu ni jambo jema kabisa. Ila mchakato wa kuondoa salfa unaondoa pia vitu vinavyoipa dizeli utelezi. Sweden iligundua hilo mapema miaka ya 1990 pampu zilipoanza kufa, ndipo dawa za kurudisha utelezi zikaanza kuwekwa. Mipira ya zamani ndani ya pampu, iliyozoea kuvimba kwa dizeli ya kale, nayo hunywea na kuanza kuvuja. Kwa hiyo ukifunguliwa pampu, dai mipira ya aina ya Viton, si ile ya asili.

Halafu kuna mafuta ya taa. Kwa miaka mingi yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wachuuzi walichanganya. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, hasa kuua biashara hiyo. Wengi walilalamika, na mwenye taa ya chemni alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kwa pampu ya DPA mafuta ya taa ni sumu: mepesi, hayana utelezi, na gavana wa shinikizo anachanganyikiwa.

Jambo lingine ambalo maduka hayasemi ni urefu wa nchi. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya bahari, na Bahati inapanda kuzidi hapo. Kwenye mita 2,000 hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Pampu iliyopimwa kwa kiasi cha pwani itamwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, na utalima ukiwa ndani ya moshi mweusi. Mwambie fundi wa mashine ya kupimia trekta linafanya kazi wapi.

Ndiyo maana mimi nachagua kufufua pampu ya zamani, kama rota haijakwaruzwa, kuliko kununua mpya isiyo na jina. Rota ikikwaruzwa, nunua nzima yenye namba ile ile.

Ila kwanza hakikisha ni pampu kweli. Badilisha filta ya CAV 296, hiyo ya bei ndogo. Angalia oili ya injini: ikipanda yenyewe na kunuka dizeli, usiwashe tena, kwa sababu ama ngozi ya pampu ndogo ya kuvuta imechanika, ama sili ya mbele ya pampu kubwa inavuja kuingia ndani. Pampu ndogo ni nafuu na inafungwa kwa dakika chache. Linganisha tu mashimo ya boliti na urefu wa mkono kabla hujalipa.

Na ukifunga, toa hewa kwa mpangilio: filta, skrubu ya kwenye kichwa cha pampu, skrubu ya juu kwenye gavana, kisha nati za nozo. Ukisukuma mkono wa pampu ndogo uone haubebi kitu, zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena; mara nyingi ni kemu tu iliyousimamisha vibaya.