Ngitili za Shinyanga na Haki ya Wafugaji

Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ya Usukuma ili kuangamiza mbung'o; baadaye mashamba ya pamba yakaendeleza ukataji. Miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwatenga wengi na ngitili zao, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa masika ili yaliwe na mifugo kiangazi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mradi huo haukuwafukuza wafugaji, bali ulihuisha ngitili zilizomilikiwa na kaya na vijiji, zikilindwa kwa mila, sungusungu na sheria ndogo. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea, pamoja na ndege, miti-dawa na kuni. Basi, kabla hatujachora mpaka mwingine wa hifadhi, tuwaulize kwanza wenye ng'ombe walikuwa wakihifadhi nini.