Chui wa Rangi: Historia ya Kiti Kilichovuka Grande Barrière

Mjomba wangu ni fundi rangi hapa Gisenyi, si mbali na Grande Barrière. Mwaka jana mteja kutoka Goma alimwagiza viti sita vya baa vyenye madoa ya chui. Mjomba alipaka kwanza rangi ya mafuta ya manjano iliyochanganywa na kahawia kidogo, akaiacha ikauke. Kisha kwa kipande cha sponji akagonga mabaka ya kahawia iliyokoza, na kwa brashi nyembamba akayazungushia vipande vyeusi. "Ukijaza doa zima kwa rangi nyeusi," aliniambia, "umeshachora duma." Mvua ilipoanza tuliingiza kiti cha kwanza sebuleni. Bibi alikitazama akasema, "Kitoeni. Hicho ni kiti cha Mobutu."

Katika insha hii ninauliza swali lililozaliwa na kauli hiyo: je, madoa ya rangi yana mwenyewe?

Zamani yalikuwa naye. Katika falme nyingi za Maziwa Makuu na za Kongo, ngozi ya chui ilikuwa alama ya utawala, wala si kila mtu aliruhusiwa kuivaa au kuikalia. Mobutu, aliyetwaa madaraka Novemba 1965, aliichukua alama hiyo ya wafalme akaifanya yake. Alivaa kofia ya ngozi ya chui hadharani. Nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971, kichwa cha chui kilikuwa katika nembo ya taifa. Timu ya taifa, iliyokwenda Kombe la Dunia mwaka 1974 Ujerumani Magharibi, iliitwa Chui.

Bibi alizaliwa Masisi. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wanyarwanda waliohamishiwa Kivu na Wabelgiji tangu 1937, wengi wao wakafanya kazi mashambani. Sheria ya 1972 iliwapa watu kama wao uraia. Sheria ya 1981 ikaufuta. Kwa hiyo Bibi anapoona chui haoni pambo. Anaona muhuri juu ya karatasi iliyomwambia kwamba nchi aliyozaliwa si yake.

Mobutu alianguka Mei 1997, na chui akaanguka naye: jina la Zaire likafutwa, timu ikaitwa Simba. Lakini mwaka 2006 chui alirudi. Katiba mpya ya Kongo inataja kichwa cha chui katika nembo ya taifa, kati ya pembe ya ndovu na mkuki, na timu ikarudishiwa jina lake. Mteja wa mjomba ni kijana. Kwake chui ni mpira, ni Kongo, ni fahari ya mtaa.

Kuna sababu nyingine ya madoa kuhamia kwenye rangi. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori ulitiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975. Chui amewekwa katika orodha yake ya kwanza, ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imebanwa kuliko wote. Kwa hiyo ngozi halisi ikifika mpakani ni kosa. Kiti chenye madoa ya brashi ni samani tu. Alama iliyokuwa ya mfalme mmoja sasa hununuliwa na yeyote mwenye pesa ya kopo la rangi.

Upande wetu wa mpaka kuna pambo lingine, imigongo, ambalo asili yake ni Gisaka, kusini-mashariki mwa Rwanda. Simulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyelianzisha ili kupamba kuta za ndani ya nyumba. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kuwa matuta membamba yenye pembe na mistari, hukaushwa, kisha hupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wanawake wa Kirehe waliifufua kazi hiyo, na leo vibao vyake hutundikwa hotelini na majumbani.

Nilipolinganisha mapambo haya mawili niliona tofauti moja. Kwenye kiti cha mjomba unamwona chui, lakini hakuna chui. Kwenye imigongo humwoni ng'ombe, ilhali ng'ombe yumo ukutani. Hata hivyo yote mawili yalitoka nyumba za wakubwa yakafika kwa watu wa kawaida, na hakuna aliyeyapokea bila kumbukumbu zake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba madoa hayana mwenyewe mmoja. Kila anayeyatazama huyamiliki kwa historia aliyoipitia, na mwanafunzi wa historia hana haki ya kumwambia bibi yake kwamba amekosea.

Nilimsomea Bibi insha hii. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama yule kijana alilipa. Nikamwambia alilipa, na viti sita vilivuka mpaka bila shida. "Vizuri," akasema. "Vikae huko."