Nani Alimlipa Mwalimu wa Nasari?

Msimu wa kuingia shule za upili ukifika, fomu za basari huzagaa Karungu kama zinavyozagaa kote nchini Kenya. Mzazi hupanga foleni kwa chifu apigiwe muhuri, huambatisha barua ya shule na orodha ya karo, na aliyefiwa huongeza cheti cha kifo. Kuna fomu ya hazina ya eneo bunge, kuna ya kaunti, kuna ya wakfu wa benki. Zote zinamtaka mtoto aliyekwisha kuvuka shule ya msingi. Wa miaka minne hana fomu.

Basi yule aliyemfundisha huyo mwenye basari kushika penseli alilipwa na nani? Ukilifuata swali hili kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Sori na ghuba ya Karungu upande wa Migori hadi Mbita na Rusinga upande wa Homa Bay, utakuta kwamba pesa za wafadhili zimefika huku tangu zamani. Ila kwa miaka mingi zilipita juu ya kichwa cha mtoto mdogo.

Hata mifupa ilimtangulia mtoto huyo kugharimiwa. Mwaka 1911 mjiolojia Felix Oswald alifika Karungu kwa niaba ya Makumbusho ya Uingereza kuchimba mabaki ya wanyama wa kale, akiwemo deinotheri, jamaa wa tembo aliyekuwa na pembe zilizopinda kuelekea chini. Mifupa ikafungwa kwenye masanduku, ikasafirishwa London. Wamisionari wa Kiadventista, waliokuwa wameanzia Gendia, upande wa Homa Bay, mwaka 1906, nao walifika Karungu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafungua madarasa ya kusoma Biblia. Wanafunzi waliowatafuta ni vijana na watu wazima. Mtoto wa kubebwa mgongoni alikuwa shauri la mama na nyanya yake.

Wakfu ulioacha alama mapema katika ualimu wa vijijini Kenya ulianzia mbali sana na ziwa. Anna Jeanes, bibi wa dhehebu la Quaker aliyeishi Philadelphia, alitoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule za mashambani za Wamarekani weusi wa kusini. Fedha zake hazikulenga kujenga. Zilimlipa mwalimu mmoja hodari azunguke shule hata shule akiwainua wenzake. Mwaka 1924 tume ya elimu ya wakfu wa Phelps-Stokes, ambamo alikuwemo msomi wa Gold Coast (Ghana ya leo), James Aggrey, ilipita Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata Carnegie Corporation ya New York ikagharimia shule ya namna hiyo Kabete, karibu na Nairobi, ikapewa jina la bibi yule. Walimu walikwenda na wake zao, nao wake wakafunzwa usafi, upishi na malezi ya watoto wachanga.

Wazo lilikuwa zuri, nia yake ilikuwa na walakini. Elimu ya Kabete ilikatwa kwa kipimo cha Mwafrika abaki shambani, asije akadai kiti cha ofisini. Kipimo hicho hakikumtosha kijana mmoja mwenye asili ya Rusinga. Tom Mboya, baada ya karo ya kuendelea na masomo kukosekana nyumbani, alijifunza ukaguzi wa afya papo hapo Kabete mwishoni mwa miaka ya 1940. Miaka kumi baadaye ndiye aliyekuwa akibisha milango ya Marekani akitafuta nafasi za vyuo. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kwa ndege moja hadi New York. Wamarekani mashuhuri Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walikuwa wametia sahihi barua za kuomba michango, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ndege ziendelee kuruka. Kufikia 1963 vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamefaidika, Wangari Maathai akiwa mmoja wao.

Hadithi hiyo imesimuliwa mpaka ikang'aa, na inastahili. Lakini iliwazoesha watu wa ziwa kuona kwamba ufadhili wa masomo ni kitu cha mwisho wa safari: mtoto ahangaike mwenyewe hadi juu, ndipo mkono umpokee. Mpaka leo basari zetu zimerithi mazoea hayo. Mpango wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na wakfu wa Equity pamoja na wa Mastercard, umewavusha maelfu ya watoto maskini kupitia shule ya upili. Nao unaanzia hapo hapo, kwenye shule ya upili.

Chini kabisa walibaki wazazi. Baada ya uhuru, wito wa harambee uliotolewa na Jomo Kenyatta ulizaa nasari kila kona, kwa kuwa nasari ndiyo shule rahisi kuanzisha: kivuli cha mti au ukumbi wa kanisa, na msichana aliyemaliza darasa la saba asiyekuwa na kazi. Serikali ilizihesabu miongoni mwa shughuli za ustawi wa jamii, pamoja na vikundi vya akina mama. Mshahara ulitoka mifukoni mwa wazazi, na mahali pengine ulikuja kwa debe la mahindi.

Hapo ndipo Mholanzi wa mapipa anapoingia. Bernard van Leer alitajirika kwa kutengeneza mapipa ya chuma ya kubebea mafuta. Baada ya kufa kwake mwaka 1958, mwanawe Oscar aliuelekeza wakfu wa baba, wenye makao yake The Hague, kwa watoto wadogo wa jamii maskini. Mwaka 1971 wakfu huo ulikubaliana na Taasisi ya Elimu ya Kenya kuanzisha mradi wa elimu ya awali. Mradi ulidumu takriban miaka kumi, na kwa maoni yangu hakuna ruzuku nyingine ya wakfu iliyobadilisha nasari ya Kenya kiasi hicho, ingawa ni watu wachache waliolisikia jina la mtoaji.

Kilichofanyika ni hiki. Badala ya kumwondoa yule msichana na kumleta mwalimu mwenye cheti, mradi ulimchukua yeye mwenyewe. Alifundisha muhula mzima, kisha likizo za Aprili, Agosti na Desemba akaenda kukaa chuoni na wenzake, akarudi darasani kujaribu aliyojifunza, huku mkufunzi akimfuata kijijini kumtazama. Baada ya miaka miwili akapata cheti bila kuwahi kuiacha nasari yake. Vifaa hakuletewa kwa lori. Alifundishwa kuokota visoda vya kuhesabia, kukata maboksi yawe herufi, kushona mwanasesere kwa matambara, kujaza mchanga kwenye makopo ya ukubwa tofauti mtoto ajue kizito na chepesi. Aliambiwa pia aende kwa wazee akusanye hadithi, vitendawili na nyimbo, ili mtoto wa Karungu aanze masomo kwa Dholuo anayoijua.

Mwaka 1980 nasari zilihamishiwa Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya awali, na kuanzia 1985 vikafuata vituo vya wilaya, ambavyo walimu waliviita Disese, kwa mkato wa jina la Kiingereza. Kutoka kwenye mradi wa mfadhili mmoja ikazaliwa idara ya serikali yenye wakufunzi wake, jambo ambalo miradi mingi huliahidi kwenye karatasi na kuliacha humo humo.

Kasoro ilibaki moja, nayo ilikuwa kubwa. Mkufunzi alilipwa na serikali. Mwalimu aliyefunzwa aliendelea kulipwa na mzazi. Na mzazi wa Karungu hulipwa na omena. Dagaa hawa huvuliwa usiku kwa taa, gizani ndipo wanapoufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, boti hulala, nyavu za kuanikia mchangani hubaki tupu. Kwa hiyo mama anayenunua omena ufuoni na kuiuza sokoni ana juma la pesa na juma la ukavu, na ada ya nasari hufuata mkondo huo. "Mwalimu, nivumilie, mwezi ukizama nitakuletea." Mwalimu mwenyewe ni jirani yake, pengine shemeji yake. Atamfukuza mtoto wa nani?

Benki ya Dunia ililiona tatizo hilo. Mradi wake wa elimu ya awali, uliogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 27.8 kati ya 1997 na 2004, ulifunza walimu, uliangalia lishe na afya, na kutoa ruzuku kwa jamii maskini. Kabla haujafungwa, likatokea pigo kutoka upande usiotarajiwa. Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Nchi ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini nasari hazikuwemo katika tangazo lile. Mzazi akapiga hesabu: kwa nini nilipe nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Wengine waliwaweka watoto nyumbani hadi wafike umri, wengine wakawaingiza darasa la kwanza wakiwa wadogo mno, na walimu wengi wa nasari wakaona mshahara, uliokuwa kidogo tangu hapo, ukiyeyuka.

Miaka hiyo hiyo pwani ya ziwa ilikuwa ikizika. Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999, na hata mwaka 2014 takwimu za kaunti zilionyesha kuwa Homa Bay ilikuwa na asilimia 25.7 ya watu wazima wenye virusi, na Migori asilimia 14.7. Karungu, mapadri wa shirika la Mtakatifu Kamili walikuwa wamejenga hospitali ya misheni, na kando yake wakaanzisha Dala Kiye, makao ya watoto mayatima. Misaada kutoka ng'ambo ikaja kwa sura mpya: mtoto mmoja, picha moja, mfadhili mmoja anayepokea barua kila mwaka.

Sitabeza utaratibu huo, kwa kuwa wako watu wazima leo ambao wangekuwa kaburini bila dawa na uji wake. Ila picha ya mtoto huvuta pesa kuliko picha ya mwalimu. Mfadhili hununua sare, daftari, hata godoro. Ni nadra kumsikia akiuliza anayesimama mbele ya darasa amekula nini.

Jibu la maana zaidi kwa swali la mshahara nimelikuta pwani nyingine, ya Bahari ya Hindi. Mpango wa chekechea za madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wake wa mwanzo, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda, ulijaribu kitu ambacho sijasikia kikijaribiwa Karungu. Kijiji kilichangisha fedha, wafadhili wakaongeza juu yake, na jumla ikawekezwa pamoja na za vijiji vingine. Mtaji haukuguswa, gawio ndilo lililosaidia kulipa walimu. Gawio halikuwa kubwa, wala halikumaliza haja ya ada. Lakini lilikusudiwa kuendelea kutoka hata msaada wa kawaida ukiisha.

Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na tangu 2013 Migori na Homa Bay zimejenga madarasa na kuajiri walimu. Hatua hiyo ni kubwa. Ajira zenyewe katika kaunti nyingi zilianza kwa kandarasi na mishahara midogo, na vyama vya walimu vimekuwa vikidai masharti ya kudumu, wakati jiwe la ufunguzi wa darasa huwa na jina la gavana tangu siku ya kwanza.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kando ya ziwa miradi iliyokuwa ikiwahudumia mayatima na kaya zenye virusi ikatikisika ndani ya wiki chache tu. Mshahara wa mwalimu wa nasari haukuguswa na agizo lile. Haukuwa kwenye bajeti ya misaada hiyo.