Printa moja kwa ofisi nzima: historia yake na karatasi za raia wa Bukavu

BUKAVU – Katika biro nyingi za mji huu, kuna kompyuta tano au sita lakini printa ni moja. Iko juu ya meza ya mtu mmoja, na yule mwenye meza ndiye mwenye neno. Akienda mazishi, barua zinangoja. Akifunga mlango kwa ufunguo, mama aliyetoka mbali kutafuta karatasi ya mtoto anarudi mikono mitupu. Lakini kuunganisha printa hiyo ili kila mfanyakazi aitumie kutoka mezani kwake ni jambo la zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Limepita miaka hamsini sasa.

Katika wakati wa ukoloni, Bukavu ikiwa bado inaitwa Costermansville, karani alikuwa na mashine ya taipu na karatasi ya kaboni. Alipata kopi tatu, labda nne, na ile ya mwisho ilisomeka kwa shida. Aliyetaka kopi mia alitumia roneo: maneno yalipigwa kwenye stensili, yaani karatasi yenye nta, kisha wino ukapita katika matundu ya herufi huku mkono ukizungusha silinda. Walimu wa Kivu waliandaa mitihani kwa njia hiyo miaka mingi hata baada ya uhuru wa 1960.

Fotokopi ilitoka kwa Mmarekani Chester Carlson, aliyechoka kunakili hati kwa mkono kazini kwake. Tarehe 22/10/1938, katika kitongoji cha Astoria huko New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walifaulu kunakili maandishi kwa kutumia umeme tuli na unga, bila wino wa maji. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla kampuni iliyokuja kuitwa Xerox kuleta mashine ya ofisi, Xerox 914, mwaka 1959. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyozaa printa ya wote. Mhandisi wake, Gary Starkweather, alitumia mwanga wa leza kuandika juu ya silinda ya fotokopi, na mwaka 1971 akahamia maabara ya Palo Alto, California, kukamilisha kazi hiyo. Printa yake ilitoa ukurasa mmoja kila sekunde. Shida ikawa hii: mashine moja ya bei kali, kompyuta nyingi za watafiti. Zitaifikia namna gani?

Robert Metcalfe alipewa kazi ya kujibu swali hilo. Tarehe 22/05/1973 aliandika barua ya ndani akieleza waya mmoja unaopita ofisi zote, kila kompyuta ikisikiliza kwanza kabla ya kusema, na kama mbili zikisema pamoja, kila moja inanyamaza kidogo kisha inajaribu tena. Aliuita Ethernet. Yeye na David Boggs waliujenga. Waya wa mtandao unaoonekana leo nyuma ya kompyuta ni mjukuu wa kazi ile. Kwa maneno mengine, haja ya kugawana printa ni moja ya sababu mtandao wa ofisi ulizaliwa.

Bei ndiyo iliendelea kusukuma watu kugawana. Mwaka 1985, LaserWriter ya Apple iliuzwa karibu dola 7,000, na iliundwa tangu mwanzo itumiwe na kompyuta kadhaa. Mwaka 1991, Hewlett-Packard ilitoa LaserJet IIISi, iliyoweza kuingia kwenye mtandao yenyewe, bila kutegemea kompyuta ya mtu. Hapo ndipo printa ilipotoka chini ya mamlaka ya meza moja.

Kwa biro ya leo, kazi yenyewe si ngumu. Printa inaunganishwa na ruta kwa waya au kwa Wi-Fi. Inapewa anwani ya namba isiyobadilika, kwa sababu anwani ikibadilika kila umeme unapokatika, kompyuta zitaitafuta bila kuiona. Kisha kila kompyuta inawekewa programu ya kuiendesha na kuonyeshwa anwani ile. Wengi wanaogopa kwamba kazi hii inakula mega. Hapana. Karatasi inasafiri ndani ya nyumba tu. Hata siku intaneti imekatika mji mzima, printa inaendelea kuchapa mradi ruta ina moto.

Moto ndio shida kubwa. Bukavu inategemea mto Ruzizi: mtambo wa Ruzizi I ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, ambao Kongo inagawana na Rwanda na Burundi, ulianza mwaka 1989. Umeme huo hautoshi, na unakuja kwa zamu. Printa ya leza inayeyusha unga wa wino kwa joto kali, na inapopata joto inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Betri ndogo ya sola inayobeba kompyuta vizuri inaweza kushindwa hapo. Ofisi yenye sola ndogo inafanya vema kuchukua printa ya wino wa maji, ambayo inavuta umeme kidogo.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili si la mafundi peke yao. Mwaka 1996, mwaka 2004, na tena Februari 2025 AFC/M23 walipoingia mji, watu waliacha nyumba, na wengi waliacha karatasi. Kongo haijafanya hesabu ya watu tangu 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho. Mtoto anapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90. Zikipita, mzazi anatumwa mahakamani. Kwa mama mwenye siku tatu zilizobaki, "rudi kesho" ni neno zito.

Lakini kugawana kuna hatari yake. Orodha ya majina ya waliokimbia, na mahali wanapolala, ikichapwa kwenye mashine ya wote, inaweza kulala juu ya sinia mpaka jioni, na kila anayepita anaisoma. Katika mji kama huu, jina kwenye karatasi linaweza kumletea mtu mgeni wa usiku. Printa nyingi za ofisi zina dawa: kazi inangoja ndani ya mashine mpaka mwenyewe afike na kuandika namba ya siri. Tena mashine kubwa za fotokopi mara nyingi zina diski inayotunza kurasa zilizopita. Kabla ya kuuza, kutuma kwa fundi au kukimbia, diski hiyo ifutwe au itolewe.

Biro inayopanga kuunganisha printa mwaka huu ina maswali mawili ya kujibu kabla ya kununua waya: nani ataweza kuchapa wakati mwenye ufunguo hayupo, na nani ataweza kusoma kilichochapwa.