Tetemeko la Ardhi, Ukuta na Sheria

Nhica do Rovuma ni kijiji cha wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, karibu na mto Ruvuma unaotenganisha Msumbiji na Tanzania. Mashariki yake, chini ya Bahari ya Hindi, umepita ufa wa Kerimba, ambao ni sehemu ya matawi ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kwa hiyo matetemeko ya ardhi si habari za mbali kwa watu wa pwani hii. Basi tujiulize: kwa nini tetemeko la ukubwa uleule huua wengi katika nchi moja na wachache katika nyingine?

Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu wasiopungua 17 walifariki, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa. Miaka miwili kabla yake, tarehe 24 Agosti 2014, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea Napa, California, saa tisa usiku, watu wakiwa wamelala ndani. Chanzo chake kilikuwa karibu zaidi na uso wa ardhi kuliko kile cha Kagera. Hata hivyo alifariki mtu mmoja tu, ingawa hasara ya mali ilifikia mamia ya mamilioni ya dola.

Tofauti hiyo haikuletwa na fedha peke yake. Mwezi Machi 1933, tetemeko la Long Beach, California, liliangusha shule nyingi za matofali. Watoto wengi walinusurika kwa sababu saa za masomo zilikuwa zimekwisha. Mwezi mmoja baadaye ikapitishwa Sheria ya Field, iliyotaka ramani na ujenzi wa kila shule ya umma ukaguliwe na wataalamu. Kagera nako, shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, nazo zikajengwa upya. Lakini kujenga upya shule mbili si sawa na kuwa na ukaguzi unaoifikia kila shule.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba maskini zaidi ndiye afaye zaidi. Mwezi Februari 2006, tetemeko kubwa la 7.0 lilitikisa Machaze, katikati ya Msumbiji, na vifo havikufika kumi. Wakazi wa eneo lile ni wachache, na nyumba zao nyingi zilikuwa za fito, udongo na nyasi. Ukuta mwepesi ukianguka, mara nyingi humwachia mtu uhai. Hatari kubwa humpata aliyeacha fito akapata tofali zito, lakini hajamudu nondo, yaani vyuma vinavyoushikanisha ukuta.

Wilaya ya Palma sasa inapita katika hatua hiyo. Gesi asilia iliyogunduliwa katika bahari yake mwaka 2010 imeleta saruji na majengo mapya. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Raia ana haki ya kuuliza ni nani aliyekagua shule ya mwanawe, na kama kuta zake zina nondo. Yafaa aulize ardhi ikiwa bado imetulia.