Kitabu cha Karatu kisicho na mtungaji

Ukifungua ukurasa wa Kansay kwenye Wikipedia ya Kiswahili, hutachukua hata dakika moja kuumaliza. Unaambiwa kwamba Kansay ni kata ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, unapewa idadi ya wakazi kutoka kwenye sensa pamoja na msimbo wa posta, basi. Chini kabisa zimeorodheshwa kata za wilaya hiyo, 14 kwa jumla, kuanzia Baray na Buger mpaka Qurus na Rhotia. Ukihamia ukurasa wa Mbulumbulu, unakutana na sentensi zile zile. Kilichobadilika ni jina na tarakimu.

Kuna wakati kurasa hizo 14 zingeweza kugeuzwa kitabu mchana mmoja, bila mtu kuandika neno. Chombo chenyewe kilikuwepo, na historia yake inaanzia Mainz, Ujerumani.

Desemba 2007, Wakfu wa Wikimedia, ambao ndio unaoendesha Wikipedia, ulitangaza ushirikiano na kampuni ndogo ya mjini humo iitwayo PediaPress. Shirika la Commonwealth of Learning, la Jumuiya ya Madola, lenye makao yake Canada, liliunga mkono. Shirika hilo linahusika na elimu ya masafa, na lilijua vizuri kwamba katika nchi nyingi wanachama, Tanzania ikiwamo, karatasi inafika mahali ambapo intaneti haifiki. Mwaka 2009 chombo hicho kilianza kuwafikia wasomaji wa kawaida.

Kazi yake haikuwa na uchawi. Msomaji alifungua makala moja moja na kuziongeza kwenye mkusanyiko wake, akazipanga kwa sura, akaandika jina la kitabu. Hapo programu ilichota maandishi na picha, ikaondoa viungo na vikorombwezo vya tovuti, ikatengeneza yaliyomo, ikapanga safu za maandishi kama zinavyopangwa kiwandani. Mwishoni iliambatanisha leseni na orodha ya wote waliochangia makala hizo. Faili ya PDF ilikuwa ya bure. Aliyetaka nakala ya karatasi aliiagiza kwa PediaPress, nayo ilichapishwa moja tu, kwa ajili yake.

Kwa mwenye kusoma Kijerumani au Kiingereza, hiyo ilikuwa neema. Makala 30 ndefu kuhusu Reli ya Kati au Vita vya Majimaji zilitosha kuwa kitabu cha kuegemea. Kwa Kiswahili, hesabu ilikuwa nyingine. Wikipedia yetu ilianza mwaka 2003, na miongoni mwa waliotia mkono mapema ni Ndesanjo Macha, mwanablogu Mtanzania wa Jikomboe. Leo ina makala zaidi ya 80,000, na nyingi ni fupi mno, kama ile ya Kansay. Kitabu cha Karatu kingekuwa na jalada zuri, na ndani yake sentensi moja ikijirudia mara 14.

Wenye biashara hawakujali. Maadamu leseni ya Wikipedia inaruhusu kuuza makala zake ilimradi waandishi watajwe, mashine ilipata kazi. Kampuni ya Kijerumani VDM ilianzisha majina ya uchapishaji Alphascript na Betascript, yakitumia anwani ya Beau Bassin, Mauritius, katika Bahari ya Hindi hii hii tunayoogelea. Kwenye majalada ya maelfu ya vitabu vyake waliandikwa wahariri wale wale watatu: Frederic P. Miller, Agnes F. Vandome na John McBrewster. Sijui mhariri gani duniani anamaliza maelfu ya vitabu kwa miaka michache. Kampuni ya Marekani, Books LLC, ilifuata njia fupi zaidi: jamii za makala zikawa majina ya vitabu. Sheria haikuvunjwa. Aliyeumia ni mnunuzi aliyetoa fedha nyingi kwa maandishi ambayo angeyapata bure.

Linganisha na Bertelsmann, mchapishaji wa Ujerumani, ambaye mwaka 2008 alitoa kamusi elezo ya juzuu moja kutokana na Wikipedia ya Kijerumani. Makala zilichaguliwa kwa kuangalia maneno yaliyotafutwa zaidi, kisha wahariri wa kweli wakazifupisha. Hicho kilikuwa kitabu.

Chombo chenyewe hakikudumu. Mwaka 2014 Wikimedia ilibadilisha programu ya kutengenezea PDF, na ile mpya ikawa haiwezi kuonyesha majedwali. Kwa ukurasa wa kata, ambao uzito wake uko kwenye tarakimu, hilo ni pengo kubwa. Programu ikawa mzigo kuitunza, na mwaka 2017 utengenezaji wa vitabu vya PDF ukasitishwa. Iliyobaki ni PDF ya makala moja moja.

Nafasi yake kwa wasio na mtandao imechukuliwa na Kiwix, programu iliyoanzishwa mwaka 2007. Wikipedia nzima ya Kiswahili inashushwa mara moja, tuseme pale Karatu mjini, ikanakiliwa kwenye kompyuta za shule, na wanafunzi wakaisoma bila bando. Hata hivyo, ukurasa wa Kansay utakaofunguka humo ni ule ule mfupi, haujataja Kiiraqw kinachozungumzwa wilayani, mazao, wala shule.

Mwalimu, mtendaji wa kata, mwanafunzi uliyetoka Kansay na sasa uko chuoni: kitufe cha kuhariri kiko juu ya ukurasa, na hakidai ruhusa ya mtu. Anza na vijiji vyenu, na utaje umeitoa wapi habari yako, maana isiyo na marejeo haikawii kufutwa.